Siklidi adimu Arusha na Moshi: kuwafuga, na kuwakabidhi wakiwa hai

Samaki wangu wa kwanza wa Ziwa Tanganyika niliwapokea saa tatu usiku stendi ya mabasi Arusha, ndani ya boksi la foamu lililozungushiwa selotepu ya kahawia. Walikuwa siklidi aina ya Tropheus duboisi 14, bado watoto, weusi kama masizi na madoa meupe mwili mzima. Walikuwa wametoka Kigoma zaidi ya siku nzima nyuma, na wote walifika hai. Nikawapeleka nyumbani Sakina, nikafungua mfuko, nikaanza kuwadondoshea maji ya tangi langu tone kwa tone, kwa upole, saa mbili nzima, kama nilivyosoma. Kulipokucha nilibakiwa na watano.

Basi halikuwa na kosa, wala aliyewafunga. Niliwaua mimi kwa ule upole. Sababu nitaieleza nikifika kwenye kufungua mfuko, maana hapo ndipo wanapofia samaki wengi kuliko ugonjwa wowote ninaoujua.

Anza na swali la mwisho

Cyphotilapia wa Kigoma, yule mwenye nundu kichwani na mistari saba ubavuni, anaweza kuishi zaidi ya miaka 20. Sasa piga hesabu: ndani ya miaka 20 utahama nyumba mara ngapi? Mwenye nyumba atapandisha kodi, ofisi itakuhamishia Dodoma, mtoto ataanza chuo na chumba cha tangi kitageuzwa stoo. Samaki atakuwa bado anakutazama, anataka kula.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela, taja watu wawili ambao wangeweza kuwachukua samaki hao kesho kutwa ukiitwa mbali. Watu wenye tangi, siyo watu wenye nia njema. Ukikosa hata mmoja, chukua aina ndogo au subiri. Wengi huona neno hili ni la kukatisha tamaa, lakini nimeshaitwa mara tatu kuokoa samaki waliowekwa kwenye beseni la kufulia kwa sababu lori la kuhamisha vyombo limeshafika mlangoni.

Adimu kwa maana gani

Siklidi ni ukoo mmoja na sato na perege tunaowakaanga. Ziwa Tanganyika peke yake lina aina zaidi ya 200, na karibu wote hawapatikani maji mengine yoyote duniani. Ziwa Nyasa lina mamia, wengi hata jina la kisayansi hawajapewa. Ila kinachomfanya samaki wa miamba awe adimu mara nyingi siyo aina, ni mahali. Tropheus havuki mchanga mtupu kwa hiari. Anazaliwa mwambani na anafia mwambani. Ukitembea kilomita chache za ufuko unakuta aina ileile imevaa rangi nyingine. Ndiyo maana wafugaji hawasemi duboisi tu, wanasema duboisi wa Maswa ya ufuko wa Tanganyika, yule wa mshipi mpana wa manjano. Jina la mahali ndilo nusu ya thamani yake. Likipotea, samaki anabaki pambo.

Ziwa Victoria lina habari nyingine. Furu, vile visamaki vidogo ambavyo watu wa Mwanza walivianika kama kawaida, walikuwa mamia ya aina. Sangara aliingizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, na kufikia miaka ya 1980 furu walikuwa wameporomoka. Aina nyingi hazikuonekana tena. Waliosalia wengi ni wa miambani. Mmoja wao ni Pundamilia nyererei, aliyeelezwa na wanasayansi mwaka 1985 na kupewa jina la Mwalimu Nyerere. Jina lake la mbele ni Kiswahili chetu kabisa, kwa ajili ya ile mistari. Dume ana mgongo mwekundu, na jike humchagua kwa rangi hiyo. Maji ya ziwa yanapochafuka kwa tope, jike haoni vizuri, anakosea dume, aina mbili zinachanganyika na kuwa kitu kimoja kisicho na sura.

Kwenye tangi tope halihitajiki. Jike akikosa dume wa kwao atazaa na jirani. Hivyo sheria ya kwanza ya nyumba yangu: ndani ya tangi moja, jenasi moja inatoka mahali pamoja. Duboisi wa Maswa haishi na Tropheus wa pwani nyingine, hata kama wanapendeza pamoja. Chotara hawezi kurudishwa nyuma, na ukimgawa unampa mwenzako uongo wenye mapezi.

Neno moja kwa wanaopenda vya nyumbani. Sisi huku kaskazini tuna siklidi wetu adimu kuliko wote hao: Oreochromis hunteri, ambaye kwao ni Ziwa Chala tu, chini ya Kilimanjaro, na wale Alcolapia wa Ziwa Natron wanaoishi kwenye chemchemi za moto zenye magadi, maji ambayo ukimtia sato atakufa. Waache huko huko. Kumtoa samaki wa aina hiyo kwenye maji yake ili akae sebuleni Njiro siyo ufugaji. Na kwa yeyote unayemchukua kutoka ziwani au kumuuza, pita kwanza kwa afisa uvuvi wa halmashauri yako. Biashara ya samaki wa mapambo iko chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, na kumpeleka samaki nje ya nchi bila leseni ni kosa.

Kwa anayeanza, ningesema Lamprologus ocellatus, samaki wa makombe, mwenye urefu wa kidole na hasira za simba. Tangi la lita 80 linamtosha yeye na wake zake wawili watatu, kila mmoja na kombe lake la konokono. Tropheus wanataka lita 270 na kundi la 15 kwenda juu. Wakiwa watano, mkubwa atamuua mdogo, kisha anayefuata, mpaka abaki peke yake. Wale wangu watano waliobaki walinifundisha hilo pia. Cyphotilapia usimguse kama huna nafasi ya lita 500.

Maji ya Meru na maji ya Kilimanjaro

Sehemu hii watu huiogopa bure. Samaki wa Tanganyika wanataka maji magumu yenye pH ya karibu 9, joto nyuzi 24 hadi 27. Wa Nyasa wanaridhika na pH 7.8 hadi 8.6. Furu wa Victoria ni wapole zaidi, 7.5 hadi 8.5 inawatosha.

Maji mengi ya Arusha yamepita kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru na kubeba bikaboneti nyingi ya sodiamu, pamoja na ile floraidi iliyotupaka meno yetu rangi ya chai. Kwa samaki wa Tanganyika hiyo bikaboneti ni zawadi: pH inasimama juu na haiyumbi. Kinachopungua ni kalisi na magnesi. Maji ya chemchemi za Kilimanjaro yanayofika Moshi kwa kawaida ni laini zaidi, hivyo mfugaji wa Moshi ana kazi ya kuongeza ambayo wa Arusha hana. Usiniamini mimi wala jirani. Pima ya bomba lako, kwa sababu kisima cha Ngaramtoni na bomba la Kijenge ni maji mawili tofauti. Nunua kitita cha matone kinachopima pH, ugumu wa kaboneti, ugumu wa jumla, amonia, nitriti na nitrati. Vijiti vya karatasi vina haraka lakini vinadanganya.

Ukihitaji kuongeza, kwa kila lita 20 za maji laini weka kijiko kimoja cha chai cha bekingi soda na kijiko kimoja cha chakula cha chumvi ya Epsom ya duka la dawa. Bekingi soda, siyo bekingi pauda. Ile ya pili ina asidi ndani. Changanya kwenye ndoo, usimwage unga juu ya samaki. Kwa Arusha, mara nyingi bekingi soda haihitajiki kabisa, weka chumvi ya Epsom peke yake, ingawa hiyo inaongeza magnesi tu, siyo kalisi.

Usitumie magadi ya sokoni, yale ya kuivishia makande. Najua yanatoka Natron, najua ni ya bei rahisi, na najua kuna mtu atakwambia "si ni kitu kilekile." Si kilekile. Yanapandisha pH kwa kishindo na yana floraidi nyingi juu ya ile uliyonayo tayari.

Klorini: jaza pipa, weka jiwe la hewa, acha saa 24 kabla ya kutumia. Bomba likirudi baada ya siku kadhaa za mgao, mwaga ndoo mbili tatu za mwanzo. Zina tope na kutu. Badilisha robo ya maji ya tangi kila wiki. Tropheus ukiwabadilishia theluthi watakushukuru.

Tangi, mawe na fundi

Tangi la sentimita 120 kwa 45 kwa 50 linachukua lita 270. Mwambie fundi vioo atumie kioo cha milimita 10, aweke mikanda ya kioo juu, na silikoni iwe ya akwariamu. Silikoni ya bafuni ina dawa ya ukungu inayoua samaki polepole, na mafundi wengi hawajui tofauti. Acha ikauke siku saba. Siku ya nane lijaze maji ukiwa umeliweka nje kwenye usawa, ulaze siku moja, ndipo uliingize ndani.

Tangi hilo likijaa mawe na maji linapita kilo 350. Stendi yangu niliichomelewa Unga Limited kwa bomba za mraba, na kati ya chuma na kioo nikaweka shiti ya foamu ya sentimita moja. Pima usawa kwa timazi ya maji kabla, siyo baada.

Mawe yanawekwa kwanza, juu ya kioo chenyewe, mchanga unafuata. Siklidi wengi ni wachimbaji. Ukiweka jiwe juu ya mchanga watalichimbulia chini mpaka lianguke. Mawe meusi ya volkano yamejaa kila barabara huku kwetu, lakini chagua yaliyolainika mtoni. Yale yenye vinyweleo vikali yanachana mapezi, hivyo yavunje vipande vya ukubwa wa njugu uyatie ndani ya filta. Bakteria wanayapenda kuliko vile vigololi vya kununua. Pandisha mawe mpaka karibu na juu, kwa Tropheus na samaki wa Nyasa. Kwa samaki wa makombe acha mchanga mtupu wa kina cha sentimita tano na makombe yaliyochemshwa.

Kisha unasubiri. Tangi jipya halina bakteria wa kugeuza amonia kuwa nitriti na nitriti kuwa nitrati. Tia chembe za chakula kila siku ioze, pima, na ngoja mpaka amonia na nitriti zote zisome sifuri. Kwa joto la nyuzi 26 ni wiki nne hadi sita. Ukipata sponji chafu kutoka tangi la rafiki, muda unakatika nusu. Usilioshe. Ule uchafu ndio unaoutaka.

Julai, na umeme

Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Tanganyika liko mita 773. Hewa yetu ni nyepesi, na maji yetu yanashika oksijeni kwa uchache kuliko ziwani, kwa hiyo pampu ya hewa hapa siyo pambo. Usiku wa Julai nyumba ya tofali isiyo na dari inashuka hadi nyuzi 14 au chini yake. Ninatumia hita mbili za wati 150 badala ya moja ya 300: ikifa moja, nyingine inashikilia mpaka asubuhi, ikiganda kwenye kuwaka, haiwezi kuwachemsha wote peke yake. Moshi ni chini na joto zaidi, hita moja ya wati 150 itakuvusha mwaka mzima.

Umeme ukikatika, kinachoua kwanza ni kukosa hewa, baridi inafuata. Kuwa na pampu ndogo ya betri na filta moja ya sponji inayoweza kuunganishwa nayo. Funika tangi kwa blanketi au shuka la Kimasai, usilishe mpaka umeme urudi. Na kama filta yako ni ile ya kopo lililofungwa, ikizimika zaidi ya saa mbili tatu, ifungue na kuisuuza kwa maji ya tangi kabla ya kuiwasha. Maji yaliyolala ndani yameoza. Ukiyasukuma kwenye tangi umemalizia kazi ya umeme.

Chakula, kwa ufupi

Tropheus na mbuna, wale siklidi wa miambani wa Nyasa, ni walaji wa mwani, utumbo wao ni mrefu. Wape chakula cha spirulina, mchicha uliochovywa maji ya moto, vipande vya tango. Nyama nyekundu na minyoo huwavimbisha tumbo, wanajificha kona, wanatoa kinyesi cheupe kama uzi, wanakufa ndani ya wiki. Ukiona dalili hizo acha chakula siku tatu na uzungumze na daktari wa mifugo kuhusu dawa ya metronidazole. Furu na Cyphotilapia wanakula nyama: kamba wabichi waliokatwakatwa, unga wa dagaa uliochanganywa na jelatini. Wote, kidogo mara mbili kwa siku, na Ijumaa wafunge.

Kukabidhi

Mzee mmoja jirani yangu hapa Sakina alikuwa na Tropheus 18 kwa miaka tisa. Aliposhauriwa na wanawe ahamie kwao Moshi, nyumba isiyo na nafasi, alinitumia kijana aniite.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Hawa nakupa, lakini sikugawii. Nakupa wote au nabaki nao."

Nilidhani ni uchungu wa kuachana. Kumbe alikuwa anasema jambo la kitaalamu. Kundi la Tropheus lina ngazi zake, kila mmoja anajua nani anamkimbia. Ukimwondoa mkubwa au ukiwatoa sita wakaenda kwa mwingine, vita inaanza upya pande zote mbili, na samaki watatu wageni wakiingizwa kwenye kundi la zamani hawamalizi mwezi. Tropheus wanahama kama familia. Samaki wa makombe wanahama na makombe yao. Cyphotilapia na furu wanavumilia kugawanywa, dume mmoja na majike kadhaa.

*Wiki mbili kabla.* Anayepokea anampa anayetoa vipimo vya maji yake, kwa namba, siyo "yako sawa." Tofauti ikiwa kubwa, maji ya tangi jipya ndiyo yanayosogezwa kuelekea ya tangi la zamani, polepole, kabla samaki hajafika. Kutoka bomba la Arusha kwenda bomba la Moshi hili lina uzito: samaki aliyezoea maji ya chumvichumvi akitumbukizwa kwenye maji laini, mwili wake unafyonza maji kuliko figo zake zinavyoweza kuyatoa. Tangi la anayepokea liwe limeshakomaa. Kama halijakomaa, hamisheni na filta: sponji la zamani linasafiri ndani ya ndoo yenye maji ya tangi, halikauki hata dakika kumi.

Angalia pia majike. Tropheus, mbuna na furu wanaatamia mayai mdomoni. Tropheus anawashika watoto karibu mwezi mzima, na mara nyingi hawafiki 15. Taya lake limeshuka kama mtu aliyejaza maji ya kusukutua. Ukimkamata atawatema. Ahirisha wiki tatu, safari haiozi.

*Karatasi.* Andika jina la kisayansi, ziwa, mahali alipovuliwa, kama ni wa ziwani mwenyewe au ni kizazi cha tangi na cha ngapi, mwaka uliompata, na kutoka kwa nani. Andika alichozoea kula na magonjwa aliyopitia. Kama hujui mahali, andika "hapajulikani"; usikisie kwa kuangalia rangi. Karatasi ya yule mzee ilikuwa ukurasa wa daftari la mraba, wino umefifia, na ni kitu cha thamani kuliko tangi alilonipa.

*Siku mbili kabla.* Acha kulisha. Samaki mwenye tumbo tupu hachafui mfuko.

*Kukamata.* Usimkimbize samaki na wavu katikati ya mawe. Toa mawe yote, shusha maji mpaka theluthi, zima taa ya chumba, tumia nyavu mbili: mmoja umesimama, mwingine unasukuma. Miiba ya mapezi yao hunasa kwenye wavu, hivyo waelekeze kwenye bakuli la plastiki ukiwa chini ya maji badala ya kuwainua hewani.

*Kufunga.* Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019, na sikushauri upite stendi na samaki kwenye rambo la magendo. Kwa Arusha hadi Moshi, kama kilomita 80, ndoo ya lita 20 yenye mfuniko inafaa kuliko mfuko. Ndoo nusu ya maji, Tropheus wakubwa sita kwa ndoo, pampu ya betri juu, tundu la mrija kwenye mfuniko. Izungushie blanketi na kuifunika gizani. Ukiwa kwenye Noah, mlipie ndoo siti yake. Ukiiweka buti itapinduka pale Boma Ng'ombe dereva akishika breki.

Kwa safari ndefu, ile ya usiku na mchana, unahitaji vifungashio vizito vya samaki: theluthi maji, theluthi mbili oksijeni, mifuko miwili kwa kila mzigo, kona zimekunjwa kwa selotepu ili mdogo asibanwe humo. Samaki mkubwa kila mmoja na mfuko wake. Boksi la foamu juu, na chupa ya maji ya vuguvugu iliyofungwa kwenye gazeti kama ni miezi ya baridi.

*Kufungua.* Nilikuahidi sababu. Samaki ndani ya mfuko anatoa kabondayoksaidi akipumua, na anatoa amonia. Kabondayoksaidi inashusha pH ya maji yale, na kwenye pH ya chini amonia karibu yote inakaa katika hali isiyo na sumu kali. Kwa nyuzi 25, kwenye pH 7, sehemu yenye sumu haifiki asilimia 1. Unapofungua mfuko, kabondayoksaidi inatoroka hewani. Unapodondoshea maji ya Tanganyika, pH inapanda. Kwenye pH 8 sehemu ya sumu ni kama asilimia 5. Kwenye pH 9 ni kama asilimia 36. Amonia ni ileile, imegeuka kisu, na samaki wamo ndani yake. Saa mbili za upole wangu zilikuwa saa mbili za kuwachoma.

Kwa hiyo, mzigo uliokaa zaidi ya saa nne tano: acha mfuko uelee ukiwa umefungwa dakika 20 ili joto lilingane. Fungua, mimina samaki kwenye chujio juu ya beseni, tumbukiza samaki kwenye tangi, maji ya mfuko yaende chooni. Dakika moja. Hii inafanya kazi kwa sababu maji ya tangi yaliandaliwa mapema yafanane na ya walikotoka. Kudondoshea ni kwa ndoo ya safari fupi iliyokuwa na hewa muda wote, na hapo nusu saa inatosha.

Ingiza wote kwa pamoja, taa imezimwa, mawe yamepangwa upya kama kuna wenyeji ndani. Wageni kwa tangi lenye wenyeji wapitie kwanza karantini ya wiki nne. Usilishe siku ya kwanza.

Asiyepata mlezi

Usimwachie Duluti, wala Mto Themi, wala Chemka, wala Nyumba ya Mungu. Bonde la Pangani lina perege wake wa asili, na tayari wanasumbuliwa na kupoteza ukoo wao kwa sato na jamaa zake walioletwa kutoka kwingine. Hata janga la sangara lilianza kwa samaki kutiwa maji yasiyo yake.

Samaki mgonjwa asiyepona, au chotara asiye na wa kumchukua, kuna njia ya mafuta ya karafuu. Kwa kila lita ya maji aliyomo samaki, tikisa matone kumi kwenye chupa yenye maji kidogo ya vuguvugu mpaka yawe meupe, mimina kwenye chombo alimo. Analala, mashavu yanasimama. Muache nusu saa baada ya hapo ndipo umzike chini ya mgomba.

Wale 18 wa mzee niliwahamisha Jumamosi asubuhi, mita 300 tu, ndoo tatu juu ya mkokoteni. Siku ya tatu akapiga simu kutoka Moshi.

"Wamekula?"

"Wamekula mchicha, mzee."

"Wote?"

"Wote."

"Haya. Kile kioo cha nyuma kikiota mwani usikifute. Wataanzia hapo kila asubuhi."

Nilikuwa nimeshakifuta. Nikaenda kutafuta mawe mawili mtoni, yale ya kijani yanayoteleza, nikayaegemeza kwenye kioo.